Ahadi ni Deni: Wajibu wa Mwenye Kutoa Cheti

Wahenga walisema ahadi ni deni. Usemi huo hutajwa sana watu wanapokopeshana fedha au kuwekeana miadi, lakini ni nadra kusikika katika jambo linalogusa maisha ya vijana wengi kuliko mkopo wo wote. Jambo hilo ni cheti cha mtihani. Baraza au bodi inayotoa cheti humwahidi kila atakayekisoma kwamba mtu aliyetajwa humo alipimwa kwa haki, kwamba kipimo kilichotumika kwake ndicho kilichotumika kwa wenzake, na kwamba alama zilizoandikwa ni zake mwenyewe. Ahadi hiyo haina siku ya mwisho. Mwenye cheti akiomba kazi akiwa na umri wa miaka 20, cheti lazima kiseme kweli. Akikionyesha tena akiwa na umri wa miaka 50, wakati mtihani wenyewe umekwisha kubadilishwa jina na waliousahihisha wamekwisha kustaafu, bado lazima kiseme kweli ile ile. Kwa hiyo wajibu wa chombo kinachotoa vyeti hauishi siku ya mtihani, wala siku ya kutangaza matokeo. Historia ya mitihani katika Afrika Mashariki ni ushahidi wa kutosha wa jambo hilo.

Uzito wa ahadi hiyo unaonekana wazi mahali kama Walukuba, mtaa wa wafanyakazi ulioko mashariki ya mji wa Jinja, nchini Uganda. Nyumba za Walukuba zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya Waafrika waliokuja mjini kufanya kazi, wakati Jinja ilipokuwa ikigeuka kuwa mji wa viwanda. Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwezi wa Aprili 1954. Baada ya umeme vikaja viwanda, kikiwamo kiwanda cha nguo kinachojulikana kwa jina la Nytil, na tanuri la kuyeyushia shaba iliyochimbwa Kilembe, upande wa magharibi ya nchi. Watu walitoka Busoga, Bugisu, Teso na Samia, na wengine walivuka mpaka kutoka Nyanza ya Kenya. Wakakaa mlango kwa mlango, na Kiswahili kikawa mojawapo ya lugha za kuelewana mtaani na kiwandani.

Kijijini mtu hujulikana kwa ukoo wake, na fundi hujulikana kwa jembe alilolifua au nyumba aliyoijenga. Mjini mambo hayo hayakuwako. Mwajiri aliyeketi mezani hakumjua baba wa kijana aliyesimama mbele yake, na mara nyingi hakuijua hata lugha yake. Alichoweza kukitazama ni karatasi. Kama karatasi ilisema kwamba kijana huyu amefaulu Hesabu na Kiingereza, alipewa kazi ya ukarani. Kama hakuwa na karatasi, alipewa koleo. Hivyo ndivyo cheti kilivyopata nguvu kubwa katika maisha ya mfanyakazi wa mjini. Na kitu chenye nguvu kubwa kiasi hicho hakiwezi kuachwa mikononi mwa mtu asiyewajibika.

Katika miaka hiyo karatasi iliyothaminiwa zaidi na kijana wa sekondari ilitoka ng'ambo. Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha chombo chake cha mitihani mwaka 1858 kwa ajili ya shule za Uingereza, na baadaye mitihani yake ikaenea katika makoloni. Wanafunzi wa Busoga College Mwiri, shule iliyo juu ya kilima karibu na Jinja, walifanya mtihani wa Cambridge kama walivyoufanya wenzao wa Kenya na Tanganyika. Maswali yalitungwa Uingereza, majibu yalifungwa na kusafirishwa kwenda kusahihishwa huko huko, na watahiniwa wakangoja kwa miezi kadhaa kabla ya kuijua bahati yao.

Ubaya wa utaratibu huo unajulikana. Mtoto wa Busoga alilazimika kuijua historia ya wafalme wa Uingereza kuliko historia ya watu wake, na waliompima hawakuwa na haja ya kumjibu mzazi wake. Hata hivyo, haki inataka jambo moja lisemwe. Chombo kile kilitunza daftari. Majina na alama za watahiniwa wa makoloni ziliwekwa, na hata leo mzee aliyefanya mtihani huo kabla ya uhuru anaweza kuandika Cambridge na kuomba uthibitisho wa matokeo yake. Ukoloni ulikwisha kuondoka, bendera zikabadilishwa, lakini deni la cheti likabaki palepale. Hilo ndilo funzo ambalo nchi huru zilipaswa kulirithi, hata zilipoyakataa mengine.

Baada ya uhuru haikuwa jambo la heshima kwa mataifa matatu ya Afrika Mashariki kuendelea kupimiwa watoto wao na mtu wa mbali. Mwaka 1967, mwaka ule ule uliotiwa sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mjini Kampala, liliundwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Makao yake yakawa Kampala. Kwa miaka kadhaa Baraza hilo lilifanya kazi pamoja na Cambridge, likajifunza kutunga, kusahihisha na kulinganisha viwango, kisha likajitegemea. Cheti chake kikaitwa Cheti cha Elimu cha Afrika Mashariki. Kijana wa Walukuba aliyekipata aliweza kukipeleka Mombasa au Mwanza, na mwajiri wa huko akakielewa bila kuuliza swali la pili. Ni mambo machache ya umoja wa nchi hizi yaliyomfikia mtu wa kawaida moja kwa moja kama hilo.

Lakini mtihani haupimi tu alichosoma mwanafunzi. Mtihani huamua nini kisomwe. Tanzania, iliyotangaza siasa ya Elimu ya Kujitegemea mwezi wa Machi 1967, iliona kwamba haiwezi kubadilisha mafundisho huku ikiwa imefungwa na mtihani wa pamoja. Mwaka 1971 ikajitoa katika Baraza hilo, na mwaka 1973 Bunge likapitisha Sheria Namba 21 iliyounda Baraza la Mitihani la Tanzania. Kenya na Uganda zikaendelea pamoja. Jumuiya yenyewe ilipovunjika mwaka 1977, Baraza la Mitihani liliendelea kuziunganisha nchi hizo mbili hadi mwisho wa miaka hiyo ya 1970. Mwaka 1980 Kenya iliunda Baraza lake la Taifa la Mitihani. Mwaka huo huo watahiniwa wa Uganda walianza kufanya mtihani wa taifa lao, na mwaka 1983 ikapatikana Sheria ya Bodi ya Taifa ya Mitihani ya Uganda.

Hapa ndipo penye funzo kubwa kuliko yote. Jumuiya ilipokufa, mali yake iligombewa kwa miaka mingi. Injini za reli, ndege, meli na majengo vilihesabiwa na kutiwa bei, na mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi hiyo mpaka mapatano yakatiwa sahihi mwaka 1984. Behewa linaweza kupewa nchi hii na injini ikapewa nchi ile. Lakini alama ya mtahiniwa haigawanyiki, wala haiuzwi ili fedha zigawanywe. Kijana aliyefanya mtihani wa Afrika Mashariki mwaka 1975 hakuwa tena na Afrika Mashariki ya kumthibitishia alama zake. Kama daftari zingeachwa ziliwe na mchwa kwa kuwa mwenye nyumba hayupo, maelfu ya watu wangeamka siku moja wakiwa na karatasi isiyo na shahidi.

Jambo hilo halikutokea, kwa sababu vyombo vya taifa vilivyozaliwa vilikubali kurithi deni pamoja na jina. Mabaraza ya Kenya na Uganda yalipokea wajibu wa kujibu kwa niaba ya Baraza lililokufa, na kuwathibitishia wenye vyeti vya zamani matokeo yao. Yafaa ikumbukwe kwamba Uganda ilichukua mzigo huo wakati mgumu kabisa. Viwanda vya Jinja vilikuwa vimedhoofika tangu wenye asili ya Asia walipofukuzwa nchini mwaka 1972. Vita vya mwaka 1979 vilipita. Kampala iliporwa, na tarehe 22 Aprili mwaka huo majeshi ya Tanzania yaliingia Jinja. Familia zilikimbia, na katika kukimbia mtu huokoa watoto kwanza, karatasi baadaye. Kwa aliyepoteza cheti katika msukosuko kama huo, daftari ya bodi ndiyo pekee iliyobaki kumtofautisha na mtu aliyejitungia elimu yake mwenyewe.

Kutunza kumbukumbu, basi, ni wajibu wa kwanza usiokwisha. Wajibu wa pili ni kulinda siri ya mtihani na heshima ya kipimo. Katika hilo majirani wote wamepata majaribu. Nchini Kenya, mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015 uligubikwa na udanganyifu mkubwa, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa, na mwezi wa Machi 2016 serikali ikavunja bodi ya Baraza la Mitihani. Nchini Tanzania kosa lilikuwa la namna nyingine. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mapema mwaka 2013, karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Uchunguzi ulionyesha kwamba utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Mwezi wa Mei serikali ikafuta matokeo hayo na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka uliotangulia. Katika tukio la kwanza siri ilivuja; katika la pili kipimo kiliyumba. Aliyeumia katika yote mawili ni yule yule: mtahiniwa aliyesoma kwa bidii, ambaye cheti chake sasa kinatazamwa kwa jicho la shaka.

Uganda nayo haikusalimika na wezi wa mitihani. Sheria mpya ya mwaka 2021 iliyochukua nafasi ya ile ya 1983 imeweka adhabu kali, kikiwamo kifungo cha hadi miaka 10 kwa makosa ya kuvujisha mtihani. Hapana shaka kwamba adhabu ni ya lazima. Lakini adhabu peke yake haitoshi. Bodi inapotilia shaka kituo cha mtihani hushikilia matokeo ya kituo hicho mpaka uchunguzi umalizike. Hatua hiyo ni ya haki, mradi uchunguzi uende upesi na mtuhumiwa asikilizwe. Ukichelewa, nafasi za kidato cha tano hujaa, na mtoto asiye na hatia hukaa nyumbani mwaka mzima kwa kosa la mwalimu wake. Kumwadhibu mwizi ni wajibu. Kumwondolea lawama asiyeiba ni wajibu vile vile, nao una saa yake.

Wajibu wa tatu ni kueleza. Mwezi wa Februari 2025 yalitangazwa matokeo ya kwanza ya kidato cha nne chini ya mtaala mpya wa Uganda, kwa mtihani uliofanywa mwaka 2024. Kazi za shuleni sasa zina asilimia 20 ya alama na mtihani wa mwisho asilimia 80. Madaraja ya zamani ya kufaulu yameondolewa, na kila somo limepewa herufi kutoka A hadi E. Mwajiri wa Jinja ambaye kwa miaka 40 amezoea kuuliza kijana alipata daraja gani, sasa atawekewa mezani vyeti vya aina mbili. Asipoelezwa namna ya kuvisoma, atachagua kile anachokijua, na kizazi kizima kitapunjwa bila ye yote kukusudia. Anayebadilisha kipimo ana deni la kuwafundisha wanaokitumia.

Mambo haya hayahusu shule za sekondari peke yake. Mafundi wengi wa mitaa kama Walukuba hawakupita huko. Walijifunza kazi kwa mikono, kisha wakapimwa kwa majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Kwao kupanda daraja kulimaanisha kupanda mshahara. Amri ya Mafunzo ya Viwandani ya mwaka 1972 ndiyo iliyoweka msingi wa idara iliyosimamia majaribio hayo kwa muda mrefu. Sheria mpya ya mwaka 2025 imekusanya kazi za kutahini zilizokuwa zimetawanyika na kuzikabidhi kwa bodi mbili, moja ya ufundi na stadi, nyingine ya taaluma za afya. Ni hatua ya kupunguza mvurugano. Lakini kipimo cha ufanisi wake kitakuwa kile kile cha mwaka 1980: je, fundi wa umeme aliyepimwa na chombo kilichofutwa atapata jibu kutoka chombo kilichokirithi, upesi na bila ya kuzungushwa?

Vyuo vikuu navyo vimo katika hesabu hiyo hiyo. Tangu Sheria ya mwaka 2001, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda limepewa kazi ya kuvisajili na kuvikagua. Mwishoni mwa mwaka 2017 Baraza hilo lilifuta leseni ya Chuo Kikuu cha Busoga, kilichokuwa Iganga, mwendo mfupi mashariki ya Jinja, kufuatia tuhuma kwamba shahada nyingi zilitolewa kwa wanafunzi ambao hawakutimiza masharti. Walioathirika si waliotuhumiwa tu. Wapo waliosoma miaka mitatu kamili, wakalipa ada kwa kuuza ng'ombe na mahindi, wakafaulu kwa haki. Nao walilazimika kubeba jina la chuo kilichofungwa. Tena, mwezi wa Mei 2023 wananchi walishtuka kusikia kwamba masomo mengi ya vyuo mbali mbali yalikuwa yamepita muda wa kukaguliwa upya. Ikabidi watulizwe kwa kuambiwa kwamba shahada zilizokwisha kupatikana zinabaki kuwa halali. Kibali cha kufundisha somo si kama cheti cha ndoa, kinachotolewa mara moja na kuwekwa sandukuni. Ni lazima kihuishwe kila baada ya muda, na anayekisahau huwaweka wanafunzi wake mashakani.

Wako watakaosema kwamba kazi hizi ni za gharama kubwa, na kwamba nchi maskini haiwezi kuajiri watu wa kukaa na daftari za miaka 50 iliyopita. Hoja hiyo haina nguvu. Mtahiniwa au mzazi wake hulipa ada ili apimwe. Anacholipia si karatasi na wino, bali ni neno la bodi, na neno hilo halina faida kama mwenye kulitoa hatapatikana atakapoulizwa. Isitoshe, gharama ya kutotunza ni kubwa zaidi. Mahali daftari zisipojibu, vyeti vya kughushi hustawi, na mwenye cheti cha kweli husimama foleni moja na mwenye cheti cha barabarani bila ya alama ya kuwatofautisha. Mwajiri akichoka kuuliza, huwaajiri ndugu zake. Hapo ndipo elimu inapopoteza kazi yake ya kumpa mtoto wa asiyejulikana nafasi sawa na mtoto wa mkubwa.

Kwa hiyo wajibu wa kila upande uko wazi. Bodi za mitihani zina wajibu wa kutunza kumbukumbu mahali pawili au zaidi, kujibu maombi ya uthibitisho kwa wakati, na kukiri na kusahihisha makosa yao kabla ya kulazimishwa. Serikali ina wajibu wa kutounda wala kufuta chombo cha mitihani bila ya kusema katika sheria nani atarithi daftari zake. Waajiri wana wajibu wa kuuliza bodi pale wanapotia shaka, badala ya kumhukumu mtu kwa kumtazama uso. Na walimu na wazazi wana wajibu wa kukataa mtihani ulioibwa, kwa kuwa anayemnunulia mwanawe majibu huwapunguzia thamani watoto wote wa jirani.

Cheti kimoja ni karatasi nyepesi, na upepo wa ziwani unaweza kuipeperusha. Kinachokipa uzito ni uaminifu wa chombo kilichokitoa, na uaminifu huo hujengwa kwa kazi ya kila mwaka isiyoshangiliwa na mtu. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki halipo tena, lakini ahadi yake ingali ikilipwa na waliolirithi. Vyombo vya leo navyo vitatoa vyeti kwa watu watakaoishi kuliko majina ya vyombo hivyo. Deni hilo halifutwi kwa kubadilisha bango mlangoni. Hulipwa kila siku anapokuja mwenye haki yake kuuliza, naye akajibiwa.